Aliyeinuka Mkekani

Ukimsalimu Mwalimu, hakuitika papo hapo. Ungesema shikamoo, naye angegeuza uso kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayempisha mkubwa wake aitike kwanza, halafu ndipo aseme marahaba. Wanafunzi wapya walidhani ana tatizo la sikio. Wa mwaka wa pili walidhani ni maringo ya wasomi. Mimi niliyemjua miaka mingi, kwanza darasani Dar es Salaam na baadaye huku kwetu kusini, niliishia kuamini kwamba alikuwa anasubiri kwelikweli. Sikumwuliza anamsubiri nani, kwa sababu jibu nilikuwa nalo na silipendi.

Wenzangu wa chuo wakinipigia simu huniuliza kama Mwalimu bado yupo. Ungedhani ni swali jepesi. Nimelijibu kwa namna tofauti kila mara, na kila mara nimekata simu nikijiona mwongo. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Jina lake sitaliandika. Lile alilopewa na wazazi liko kwenye majalada ya vitabu vyake, anayetaka atalikuta huko. Lile lingine, la mjomba wake, silitaji hata nikiwa peke yangu jikoni. Niiteni mshirikina, sitakasirika. Nina shahada ya falsafa, nafundisha uraia sekondari hapa Masasi, mvua ikinyesha najua inatoka wapi, na jina lile silitaji.

Darasani Mwalimu alikuwa na hoja moja tu, na aliizunguka maisha yake yote kama mbuzi aliyefungwa kambani. Hakuna mtu, alisema, anayefungwa na ahadi ambayo hakuitoa mwenyewe. Taifa haliwezi kumwambia kijana kwamba babu yako alikubali, basi na wewe umekubali. Chama hakiwezi, dini haiwezi, ukoo hauwezi. Kila mtu huanza na yeye mwenyewe. Vitabu vyake vitatu vinasema hilo kwa mapana, na makala zake zinawajibu waliompinga. Wanasiasa hawakujua wamweke fungu gani. Waliokuwa madarakani walimwona mchochezi, na wapinzani walimshangilia mpaka siku aliyowaambia kwamba nao wamerithi ugomvi wa marehemu zao bila kuuliza ulianzaje. Tangu hapo walimwalika kwenye makongamano kwa adabu na kumpa nafasi ya kuzungumza baada ya chakula cha mchana, wakati watu wanasinzia.

Hoja hiyo, kwa mtu wa kwetu, si ya vitabuni. Kule juu, kwenye uwanda wa Newala, mtu akifa hurithiwa na mpwa wake, mtoto wa dada. Na hatuzungumzii shamba na jembe tu. Anarithiwa jina. Siku ya arobaini mpwa huketishwa kwenye mkeka wa marehemu, hupakwa unga wa mtama kwenye paji la uso, hufunikwa shuka jeupe, kisha huitwa kwa jina la mjomba wake. Akiitika, watoto wa marehemu humwamkia mmojammoja: shikamoo baba. Naye huwajibu kama baba yao. Hata kama wao ni wazee na yeye ndevu hazijaota. Kuanzia hapo marehemu amerudi mahali pake, na ugomvi wake, marafiki zake na maneno aliyoyaahidi ni vya huyu aliyeketi.

Mwalimu aliketishwa akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Habari hii alinisimulia dada yake, Mama Hamisi, tukimenya mihogo uani kwake kule Mkunya, kijijini kwao. Mama Hamisi ana sauti nzito na hana haraka, na akifika kwenye jambo zito Kiswahili chake hurudi nyumbani, na mtu huwa ntu.

"Alikaa vizuri tu," aliniambia. "Unga kapakwa. Shuka kafunikwa. Wazee wakaita jina, akaitika, naam. Nimesikia kwa masikio yangu haya. Sasa binti wa marehemu anapiga goti amwamkie, ntu akainuka."

"Akainuka tu?"

"Akainuka na shuka lake. Akasema maneno ya shule. Kwamba yeye hakuweka saini. Akaenda zake Newala kupanda gari." Akaosha kisu kwenye karai. "Angekataa toka mwanzo, tungetafuta mwingine. Wapwa walikuwepo. Lakini kaitika, Mama Salma. Ukishaitika hapawekwi ntu mwingine. Na hakuamkiwa, kwa hiyo hapajajaa. Pako hivyohivyo, wazi."

Nilimwuliza wazi maana yake nini. Alinitazama kama mama anavyomtazama mtoto anayeuliza maji ya moto yanaunguzaje. "Maana yake njomba hana pa kukaa," akasema. "Sasa anakaa po pote huyu anapokaa."

Basi tuzungumzie kukaa kwake. Mwalimu hakuketi mahali po pote bila kuuliza kwanza, "Hapa pana mtu?" Aliuliza kwenye kumbi za mikutano, kwenye mabenchi ya hospitali, na sebuleni kwangu nilikoishi na binti yangu tu, naye akijua hivyo. Nikimtania kwamba wageni wangu wote ni yeye, alijibu, "Kuuliza ni adabu," na alikaa kwenye nusu ya kiti, ile nusu ya kulia.

Siku moja asubuhi tuliingia mgahawani Newala mjini. Ilikuwa ni ile miezi ya baridi, ukungu unapanda kutoka Shimo la Mungu, lile bonde lililo chini ya mji, na kuingia mjini taratibu hadi huoni upande wa pili wa barabara. Niliagiza chai yangu, Mwalimu akaagiza yake. Mhudumu akaleta vikombe vitatu. Kimoja akaniwekea mimi, kimoja Mwalimu, na cha tatu akakiweka mezani mahali pasipo na mtu, kushoto kwake, na sahani ndogo juu ili chai isipoe.

"Hicho cha nani, mwanangu?" nikamwuliza.

"Cha yule mzee mlioingia naye," akasema yule dada, akageuka kumwonyesha. Uso wake ukabadilika. "Kha, ametoka saa ngapi?"

Mwalimu aliendelea kukoroga chai yake. Niliogopa, siwezi kusema uongo, lakini nimesoma Dar kwa njaa na chai haipotei mbele yangu. Nilikivuta kile kikombe nikakinywa mimi. Mwalimu alinitazama kwa hofu niliyokuwa sijawahi kuiona kwake, mpaka nilipokiweka chini kikiwa kitupu na nikiwa bado ni mimi. Halafu akaanza kunieleza habari za kitabu kipya alichotumiwa, kuhusu haki za vizazi vijavyo. Aliongea bila kupumua hadi tukaondoka.

Sitaki mtu afikiri alikuwa mtu wa huzuni. Alikuwa mchokozi. Alipenda kumwacha mwanafunzi ajenge hoja yake ghorofa baada ya ghorofa, kisha aondoe tofali moja la chini kwa swali la upole. Akinitania, pembe ya kushoto ya mdomo wake iliruka kidogo, na isiporuka nilijua hatanii. Na yeye akishindwa katika mjadala alisema, "Hapo umenipata, lakini sijaenda." Hakuna aliyewahi kujua anakusudia nini, na wanafunzi wake wote tuliiiga kauli hiyo hadi majumbani mwetu. Alivaa fulana ya sufu hata kwenye joto la Dar. Hakula bamia. Bila miwani yake hakuona vidole vyake mwenyewe, na alipoivua kuifuta alikaa kimya kabisa, kana kwamba gizani hapo kuna mtu ambaye hakutaka kumwamsha.

Alikuwa pia na hasira, ila ya aina moja. Wasomi vijana wa siku hizi, wengi wako ughaibuni, wanaandika vizuri sana kwamba mtu wa Kiafrika hayuko peke yake, kwamba nafsi yake ni jamaa zake, hai na wafu. Wanaitumia hoja hiyo kupinga ubinafsi wa ulimwengu huu, na mimi huzisoma makala zao nikafurahi. Mwalimu alizisoma zote, kila moja mara mbili, na kuweka alama za penseli pembeni. Kisha alizitupa mezani. "Wameandika ukurasa mtamu kuhusu wafu," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyeketishwa. Wanadhani wafu ni wazo." Nikamwuliza kama si wazo ni nini, na yeye ndiye anayefundisha kwamba hawana haki juu yetu. Akavua miwani. "Kutokuwa na haki ni jambo moja," akasema. "Kutokuwepo ni jambo lingine. Mimi nimeandika juu ya lile la kwanza tu."

Na kule Mkunya, mtu huyu aliyekataa kurithi kila kitu, alikuwa mtumwa wa kila alichokataa. Alipostaafu hakubaki Dar, alirudi. Mikorosho ya mjomba aliipalilia mwenyewe. Msimu wa kupulizia mikorosho salfa ulipofika aliingia shambani na bomba mgongoni na kitambaa usoni, akatoka amekuwa wa njano kuanzia nywele mpaka viatu. Mzee wa umri wake, na maprofesa wenzake wanacheza bao Sinza. Nyumba ya mjomba aliiezeka upya, na mjane alipougua alimwuguza hadi mwisho. Binti wa marehemu, mwanamke aliyemzidi umri, alimpelekea kuni na sabuni kila wiki. Lakini hakuingia kwake. Aliweka mzigo mlangoni, akabisha, akaondoka kabla mlango haujafunguliwa, maana alijua yule mama akimwona atapiga goti.

Nilimwambia huo si msimamo, ni unafiki. Kama ahadi za marehemu hazimfungi, kwa nini anazitimiza?

"Nazitimiza kwa hiari," akasema. "Nikiamkiwa, hiari imekwisha. Nitakuwa nazitimiza kwa sababu ni zangu."

"Tofauti iko wapi? Kuni ni zilezile."

"Tofauti ni mimi, Mama Salma. Ndipo nilipo mimi, hapo katikati. Ni padogo, lakini ndipo nilipo."

Korosho za miti ile hakula hata moja. Ukimwuliza mikorosho ni ya nani, alisema, "Ya mwenyewe."

Nitaje pia siku ya mkutano wa mtandaoni, ingawa binti yangu ameniomba nisiutaje. Kila mwezi Mwalimu alishuka Masasi, akaja nyumbani kwangu, kwa sababu kule Mkunya mtandao unakuja na kuondoka kama kuku. Tuliketi mbele ya kompyuta yangu kusikiliza watafiti wa nchi mbalimbali wakieleza kazi zao. Siku hiyo alizungumza binti mmoja Mzungu aliyekuwa akiandika tasnifu kuhusu nafsi na urithi wa majina. Alikuwa amekaa wiki nzima Mkunya. Wiki hiyohiyo Mwalimu alikuwa amelazwa Ndanda, hospitali ya misheni, kwa homa ya mapafu. Nalijua hilo vizuri, maana uji wake nilikuwa naupeleka mimi.

Yule binti alikuwa na akili, alieleza mambo yetu kwa heshima. Kisha akasema angependa tusikie sauti ya mzee mmoja aliyezungumza naye alasiri nzima barazani. Akataja jina la mzee huyo, lilelile nisilolitaja. Mwalimu, aliyekuwa akinyoosha mkono kuchukua karanga, akauacha mkono hewani.

Sauti ikatoka kwenye kompyuta, ya mtu mzima, tulivu, ikianza kwa Kimakonde na kuendelea kwa Kiswahili. Ilieleza namna ya kufyeka shamba jipya, ikacheka, ikamsifu mgeni kwa kula ugali wa muhogo bila kukunja uso. Mtafiti akauliza nani atamrithi. Sauti ikajibu, "Mpwa wangu yuko shule. Anasoma sana huyo. Akimaliza atakuja kukaa."

Mwalimu aliomba nafasi ya kuuliza swali. Nilitegemea atauliza la nadharia. Akasema, "Mzee huyo alikaa upande gani wa baraza?"

Yule binti alishangaa kidogo. "Kushoto kwa mlango," akasema. "Nilitaka kukaa hapo, kulikuwa na kivuli, akanikataza kwa upole. Akasema hapo pana mtu."

Mwalimu alimshukuru, akausifu mpangilio wa kazi yake, akafunga kompyuta. Mimi nilishajua kwamba hapo kushoto kwa mlango ndipo mjomba alipokuwa akikaa enzi zake, na kwamba tangu afe hata kuku hufukuzwa wasilale pale.

"Ni mzee fulani wa jirani," nikasema. "Amependa soga na sukari ya mgeni, akajipa jina."

"Inawezekana," akasema Mwalimu. "Sauti si ushahidi." Lakini karanga hakuzigusa tena. Baadaye nilimwuliza Mama Hamisi ni jirani gani aliyekuja kuzungumza na Mzungu wiki ile. Akaniambia wiki ile hapakuja mtu, yeye alikuwa shambani kila siku na mgeni alishinda peke yake barazani na kile kidude chake cha kurekodia, akiongea na kucheka vizuri tu.

Miezi ikapita. Mwalimu alianza kukonda na kikohozi hakikumtoka. Kisha siku moja akanipigia, asubuhi, nikiwa nasahihisha madaftari ofisini.

"Nimekubali kuketi," akasema.

Akaeleza kwa utaratibu, kama anavyoeleza darasani. Binti wa marehemu alikuwa mgonjwa, daktari amemrudisha nyumbani. Hakutaka dawa wala uji. Aliomba jambo moja tu, amwamkie baba yake kabla hajafa. Mama Hamisi alikuja kumwambia akilia. "Nilitafuta hoja ya kumjibu," Mwalimu akasema. "Nimetafuta siku kadhaa. Mwanamke anataka kusema shikamoo. Utamjibu nini?"

"Na vitabu vyako?"

"Ndiyo nakupigia." Sauti yake ikachangamka, nikajua ule mdomo umeruka pembeni. "Hii ndiyo nafasi ya kuijaribu hoja. Wataniita jina lile, nitaitika. Yule bibi mgonjwa ataniamkia, nitajibu. Halafu wewe, hapohapo, kabla sijanyanyuka, utaniita Mwalimu. Nikikuitikia, basi mtu anaweza kubeba jina la mwingine na akabaki yeye. Nitakuwa nimeshinda, na bibi atakuwa amepata chake."

"Na usiponiitikia?"

"Usichelewe, Mama Salma," akasema. Hakuwa anatania sasa. "Lazima awepo mtu mmoja wa kuniita. Wengine wote pale wataniita lile lingine. Nitashindwa kujikumbuka peke yangu."

Nikamwahidi. Nilitaka kumwambia asiketi, ajifungie Ndanda kwa watawa, aje kwangu Masasi, yule bibi atamwamkia Mungu. Sikusema. Nilimpenda mzee yule kuliko baba yangu mzazi, na niliogopa akisikia hivyo atanicheka.

Siku yenyewe niliondoka alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ule mlima wa kupandia Newala ulikuwa umegeuka sabuni. Lori la mbao lilikuwa limelala katikati ya barabara, magari yamepangana nyuma yake, na juu ya mlima ukungu umeshuka mpaka kwenye vioo. Nilipiga simu ya Mwalimu, haipatikani. Ya Mama Hamisi, haipatikani. Nikashuka, nikapita pembeni ya lori kwa miguu kwenye tope, upande wa pili nikapata bodaboda. Kijana wa bodaboda aliendesha taratibu kwa sababu haoni mbele, nami nilimpigia kelele aongeze mwendo hadi akatishia kuniacha njiani.

Nilifika Mkunya baada ya sala ya adhuhuri. Uani watu walikuwa wanakula. Mama Hamisi alinipokea akiwa na macho mekundu na uso uliotulia, sijawahi kumwona ametulia vile.

"Tumemaliza," akasema.

"Mmemalizaje? Aliwaambia mnisubiri."

"Tumekusubiri. Bibi akawa anatetemeka, tukaona atatufia nkekani. Ntu mwenyewe ndiye aliyesema tuanze."

"Mwalimu alisema hivyo?"

"Yeye. Kasema utafika tu." Akanishika mkono. "Kaitika vizuri. Bibi kamwamkia, kajibu, kamshika kichwa. Hakuinuka, Mama Salma. Bibi sasa hivi anakunywa uji."

Nilimwacha nikaenda barazani. Alikuwa ameketi kushoto kwa mlango, shuka jeupe mabegani, unga bado uko kwenye paji la uso. Aliketi akijaza kiti chote, mgongo umeegemea ukuta, miguu ameinyoosha mbele kama mtu aliyerudi shambani. Miwani haikuwepo. Ilikuwa imewekwa dirishani, imekunjwa, na yeye alikuwa anamtazama kuku aliyeko mwisho wa ua, anamfuata kwa macho kila anakodonoa.

"Mwalimu," nikasema.

Alinitazama, kisha akachungulia nyuma yangu kuona ninayemwita ni nani.

"Mwalimu, nimechelewa. Lori limeziba njia. Nisamehe. Ni mimi."

Akageuka kwa Mama Hamisi, aliyekuwa amenifuata, akamwuliza jambo kwa Kimakonde. Mwalimu kila siku alisema Kimakonde chake kimebaki cha kuombea maji. Hiki kilikuwa kinatoka bila kikwazo, cha kizamani, na hata mimi Mmakua niliyezoea kukisikia niliambulia maneno machache. Mama Hamisi akajibu kwa sauti ndogo, bila kuniangalia.

"Ahaa," akasema yule mzee. Akanigeukia kwa uso wa huruma. "Kumbe wewe ndiye mwanafunzi wa mpwa wangu. Pole sana, mama. Pole kwa msiba."

Nilitazama pembe ya mdomo wake. Niliitazama muda mrefu, mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, na haikuruka.

"Nimeshapoa," nikasema. Mdomo ulijibu wenyewe, kwa mazoea.

"Karibu kigoda, ukae. Umelowa." Akaagiza niletewe chai. Alikuwa mpole, mwenye furaha ya mtu aliyepumzika, na nilimchukia kwa hilo. "Kijana yule alikwenda shule mapema mno," akasema. "Tulikuwa tukisikia kwamba amekuwa mtu mkubwa, anafundisha. Hakuwahi kukaa akatueleza anafundisha nini. Wewe unajua?"

"Najua."

"Niambie basi."

Nikamwambia. Nilimweleza yote, kama nilivyoelezwa mwaka wa kwanza, kwamba hakuna anayefungwa na ahadi asiyoitoa mwenyewe, kwamba wafu hawana haki ya kuwasemea walio hai, kwamba kila mtu huanza na yeye mwenyewe. Alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti, kisha akatikisa kichwa pole pole.

"Hapana," akasema. "Hapo alikosea, maskini. Mtu akianza na yeye mwenyewe, nani atamwita?"

Mama Hamisi akaniwekea chai miguuni, akaondoka haraka. Uani mtu alikuwa anacheka. Mzee aliniangalia kwa macho yake mazuri yanayoona mbali, akingoja, bila haraka yo yote, kuona kama nina la kusema. Nikapangusa uso kwa upande wa khanga, nikasogeza kigoda, na nikaanza kumtetea marehemu.